Kabla ya Kutoa, Kurudisha

Mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa mbele yangu kwenye meza ya maharage. Ilikuwa Jumamosi jioni, sokoni hapa Moshi, saa zile wauzaji wanapunguza bei ili wasirudi na mzigo nyumbani. Akapimiwa maharage ya njano sado moja, lile kopo la kupimia nafaka, yakamiminwa kwenye mfuko wake, akalipa, akapokea chenji. Badala ya kuondoka akahamia meza ya jirani, akaomba kuazima sado ya pale, akamimina maharage yake humo.

Hayakujaa.

Yaliishia vidole viwili chini ya ukingo. Mama akayarudisha mfukoni, akashukuru, akarudi kwa muuzaji wa kwanza. Hakupaza sauti. Aliichukua ile sado iliyompimia, akaipindua, na sote tuliokuwa pale tukaona: kitako kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kuelekea ndani mpaka kikapanda juu. "Baba, nijazie," akasema. Baba akajaza bila neno.

Yule baba namfahamu. Ni mzee wa kanisa katika usharika ambao sitautaja. Muda si mrefu kabla ya hapo nilikuwapo kwenye mnada wa mavuno, akapandisha dau la mkungu wa ndizi mpaka wenzake wote wakanyamaza, akaulipia, kisha akaurudisha unadiwe tena kwa ajili ya jengo. Tarumbeta zikapigwa. Mchungaji alimshika mkono mbele ya watu.

Na yule wa meza ya pili, mwenye sado iliyonyooka kitako, ni Mwislamu.

Nimekaa na jambo hili majuma kadhaa. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimelipeleka kanisani na kurudi nalo.

Jibu la haraka silitaki

Nilipowasimulia watu wawili watatu, jibu lilikuwa lile lile: "Huyo si Mkristo wa kweli, ni mnafiki." Mazungumzo yakaishia hapo, kila mtu akashika njia yake akiwa ameridhika.

Mimi sikuridhika, kwa sababu namjua. Kuna watoto wa marehemu jirani yake ambao amewalipia ada mpaka wakamaliza sekondari, na hakuna mtu aliyemlazimisha. Ukifiwa, yeye ni wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Akisali, anasali kwa machozi ambayo siamini kuwa ni ya maigizo. Mkono ule ule uliolipa ada ya yatima ndio ulioshika nyundo.

Kama angekuwa mtu mbaya anayejificha nyuma ya dini, nisingekuwa na la kuandika. Wapo, na tunawajua. Kinachonisumbua ni mtu mwema, mwamini kwelikweli, ambaye wema wake umefika kila mahali isipokuwa pale anapopatia riziki.

Nikaanza kujiuliza ni wangapi tuko hivyo.

Alichoniambia mzee wa meza ya pili

Nilirudi kwake baadaye. Nilimwamkia, nikanunua mchele, nikamwuliza kwa nini yeye hagongi sado wakati meza nyingi zinazomzunguka zinagonga. Nilidhani ataniambia habari za wateja, kwamba mteja akiridhika anarudi. Mzee akafuta mikono kwenye kanzu yake.

"Mwanangu, sisi tuna sura nzima ya watu wanaopunja. Nikisimama kuswali nikaisoma, halafu nikatoka nikapunja, nimesoma nini?"

Sura anayoisema ni ya 83 katika Kurani, Al-Mutaffifin, na inaanza na ole: ole wao wapunjao, wale ambao wakijipimia kutoka kwa watu hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia watu hupunguza. Sikuwa na la kumjibu. Nililipa, nikapanda daladala, na njia nzima nilikuwa najiuliza: sisi je, tumeambiwa nini?

Tumeambiwa mengi. Mambo ya Walawi 19 inadai mizani ya haki na vipimo vya haki. Mithali 11 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Lakini lililonishika ni Amosi, mchungaji wa kondoo kutoka Tekoa, aliyetumwa kwa watu waliokuwa hodari sana wa ibada. Katika sura ya 8 anawaeleza wafanyabiashara wanaoihesabu saa wakingoja sabato iishe ili wafungue maghala. Wakifungua wanaipunguza efa, wanaiongeza shekeli, uzito wao wa kupimia fedha, na kuuza hata takataka za ngano.

Efa ilikuwa kipimo cha nafaka. Amosi anaizungumzia sado.

Watu wale walikuwa wanaishika sabato. Amosi hawalaumu kwa kukosa ibada. Katika sura ya 5 Mungu anasema hata nyimbo zao ziondolewe mbele yake, hataki kusikia sauti ya vinanda vyao, bali hukumu itelemke kama maji. Niliposoma hapo nikazikumbuka tarumbeta zetu, ambazo nazipenda tangu utotoni.

Tulilikariri wenyewe

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya Agano la Kale tu, na akumbuke kipaimara. Walutheri wa mlima huu, kuanzia Machame mpaka Mwika, tumepita kwenye Katekisimu Ndogo, kitabu alichokiandika Martin Luther mwaka 1529, na tulikariri kila amri na maana yake kabla ya kuruhusiwa kuvaa nguo nyeupe na kupiga magoti mbele ya mchungaji. Amri ya saba: Usiibe. Maana yake, kwa kifupi, ni kwamba tusichukue fedha wala mali ya jirani, wala tusiipate kwa bidhaa mbaya au biashara ya hila, bali tumsaidie kuitunza na kuiongeza mali yake. Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka huo huo Luther anakwenda sokoni kabisa, anawataja wauzaji na mizani zao za uongo.

Yule baba aliyajua haya kwa moyo. Huenda anayajua hata leo.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba tatizo letu si mafundisho. Mafundisho tunayo, tena ya kutosha kujaza kabati. Kuna kitu katikati ya kujua na kutenda ambacho hatukigusi.

Wengine husema kitu hicho ni neema yenyewe. Nimewahi kuambiwa na rafiki yangu wa Kibosho, Mkatoliki, tukiwa tunaosha vyombo baada ya msiba: "Ninyi Walutheri mmefundishwa kwamba matendo hayaokoi, sasa mnashangaa nini mkiwa hamna matendo?" Aliniuliza kwa upendo, lakini swali lilinichoma.

Waefeso 2 inasema tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Tunasimama hapo, tunafunga kitabu. Mstari unaofuata unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema". Luther mwenyewe, katika maandishi yake ya mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, alieleza kwamba matendo mema hayamfanyi mtu kuwa mwema, ila mtu aliyefanywa kuwa mwema hutenda matendo mema. Katika hoja zake 95 za mwaka 1517, ya kwanza kabisa inasema maisha yote ya waamini yawe ya toba. Siyo siku moja ya toba. Maisha yote.

Na ule ugomvi wa zamani wa neema na matendo, ambao babu zetu waliurithi kwa wamisionari, wenyewe waliouanzisha walishakaa mezani. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, na kwamba matendo mema hufuata na ni matunda ya kukubaliwa huko. Rafiki yangu na mimi, pamoja na sinki letu la vyombo, tulikuwa tumechelewa kidogo.

Nikitaka kumweleza mtoto wa kipaimara jambo hili nitampeleka kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. Maji yanatoka juu mlimani. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyeyatengeneza. Kazi ya mwenye shamba ni kusafisha mfereji na kuyaacha yapite mpaka kwa jirani wa chini. Anayeyaziba usiku ili yajae kwake hajaongeza tone moja la maji duniani.

Msamaria hakuwa wa kwetu

Nirudi kwa mzee wa mchele, maana swali lake ni gumu kuliko la rafiki yangu. Kama Mwislamu ana sado iliyonyooka, na Mkristo ana iliyogongwa, imani yangu inafanya kazi gani?

Kwanza niseme wazi kwamba Yesu mwenyewe alituwekea swali hili. Katika Luka 10 kuhani anapita, Mlawi anapita, na anayesimama ni Msamaria, mtu ambaye Wayahudi walimhesabu kuwa na dini iliyopotoka. Luka anatupa vitu vidogo vidogo vya mtu huyu: mafuta na divai, mnyama wake mwenyewe, dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, na ahadi kwamba kitakachozidi atakilipa akirudi. Aliacha hesabu wazi! Mtu wa safari, kwa ajili ya mgeni asiyemjua, aliacha deni wazi kwa jina lake.

Sisi wa Moshi tunapita mbele ya mfano huo kila siku. KCMC, ile hospitali kubwa ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, ilianzishwa na Shirika la Msamaria Mwema. Nimekaa kwenye mabenchi yale na wagonjwa wangu, na kila mara kuna mtu wa Rombo, mtu wa Same, Mmasai aliyetoka mbali na shuka lake, Mwislamu, Mpentekoste, wote kwenye foleni moja. Imani ilijenga pale, na hilo nalisema kwa shukrani na bila haya. Hospitali za misheni za Machame na Kilema nazo ni hivyo hivyo: watu waliamini, wakajenga, wakatibu wasiowajua.

Kwa hiyo sisemi kwamba imani haizai matendo. Huku kwetu imezaa majengo makubwa. Nasema tu kwamba Yesu hakutupa hati miliki ya wema. Aliweka tendo jema mkononi mwa mtu wa nje, kisha akamwambia mwanasheria wa dini aende akafanye vivyo hivyo. Mzee wa mchele hanitishi tena. Nimeambiwa nijifunze kwake.

Lakini bado swali linabaki, nami sikutaka kulikwepa.

Jembe la babu

Jibu, kama ni jibu, lilinijia kwa shangazi.

Nilikuwa nimepanda kwake Old Moshi kumsalimia. Tukiwa tunamenya ndizi za mtori nikamsimulia habari za sado. Hakushangaa. Aliniuliza kama nimewahi kusikia habari za jembe la babu.

Ni hivi. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ulisambaa Uganda, ukaingia Bukoba, na baadaye ukafika huku Kilimanjaro. Alama yake iliyowashangaza watu haikuwa kelele za maombi. Watu waliookolewa walikuwa wanarudisha vitu. Walioiba kuku walirudisha kuku, na waliokula fedha za ofisi walikwenda kuwaambia wakubwa wao, wakijua wanaweza kufukuzwa.

Alfajiri moja jirani alifika kwa babu ameshika jembe. Lilikuwa limelika, mpini si ule wa kwanza. Akasema, "Hili ni lako. Nililichukua." Babu alilitambua kwa alama iliyokuwa kwenye bati. Lilikuwa limepotea miaka mingi.

Hapo shangazi alinyamaza kidogo, kisu mkononi.

"Unajua baba alikuwa anamshuku nani miaka yote hiyo? Shemeji yake."

Walikuwa hawasalimiani. Watoto wa nyumba mbili walikua hawachezi pamoja, na hakuna aliyekuwa amesema kwa mdomo kwamba sababu ni jembe. Siku ile babu alibeba lile jembe, akashuka nalo mpaka kwa shemeji yake, akaanza yeye naye kuomba radhi.

Nilimwuliza shangazi: yule jirani alipataje nguvu ya kuja? Angeweza kununua jembe jipya, akaliacha usiku uani. Angeweza kutoa sadaka kubwa kanisani, moyo ukatulia. Shangazi akajibu kama mtu anayesema jambo la kawaida kabisa: "Alikuwa ameshasamehewa, alikuwa anaogopa nini?"

Nimelibeba jibu hilo tangu siku ile. Naamini ndani yake kuna kazi ya imani ambayo nilikuwa naitafuta.

Mtu mwaminifu tangu mwanzo, kama mzee wa mchele, ana sura yake inayomlinda, na Mungu amzidishie. Lakini aliyekwisha kugonga sado afanyeje? Ana jina. Ana kiti mbele kanisani. Ana makofi ya mnada. Kila sadaka kubwa anayotoa inaliongezea jina lake uzito, na jina likizidi uzito linakuwa gumu kuweka hatarini. Huyu hawezi kutoka kwa kuambiwa "acha." Anahitaji mahali ambapo jina lake halitegemei makofi, ambapo ameshapokelewa kabla ya kurekebisha chochote. Akiwa na mahali hapo, anaweza kusema "nilikupunja" na bado akawa na pa kusimama.

Hebu tazama utaratibu wa habari za Zakayo katika Luka 19. Mtoza ushuru yuko juu ya mkuyu. Yesu anamwita kwa jina, anasema leo imempasa kushinda nyumbani mwake. Watu wananung'unika. Hakuna sharti lililotajwa, wala kikao cha wazee. Ni baada ya kupokelewa hivyo ndipo Zakayo anasimama na kusema kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya anamrudishia mara nne.

Tunahubiri ile nusu. Ile mara nne tunaipita.

Nusu ilikuwa sadaka. Mara nne ilikuwa na wenyewe, watu wenye majina, waliojua walichopoteza. Zakayo alielewa kwamba ya kwanza haifuti ya pili. Yesu alikuwa ameshasema katika Mathayo 5 kwamba ukiwa madhabahuni na sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, "iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Sijawahi kuona mtu akiacha bahasha juu ya meza ya sadaka na kutoka mlangoni. Nadhani wahasibu wetu wangemfuata.

Naandika hili nikiwa na heshima yote kwa wachungaji na wainjilisti wetu, wanaobeba usharika kwa mshahara mdogo. Lakini tumejenga utaratibu mzima wa kupokea: bahasha za ahadi, mnada, mavuno, harambee ya jengo, harambee ya gari la mchungaji. Utaratibu wa kurudisha hatuna. Mtu akitaka kutoa, kuna wahesabuji, kuna stakabadhi, kuna kutangazwa. Akitaka kurudisha, hajui aanzie kwa nani, na anaogopa kwamba siku atakayosema, hilo ndilo jina watakalomwita mpaka kaburini.

Ijumaa kwenye jumuiya

Zamu ya neno iliponifikia kwenye jumuiya yetu sikuleta habari za sado, kwa sababu watu wangemtambua mhusika na tungemaliza jioni tukimjadili yeye. Nilisoma Zakayo, kisha nikaongeza Yakobo. Yakobo yule yule anayesema imani isipokuwa na matendo imekufa nafsini mwake, katika sura ya 5 anasema ujira wa wavunaji uliozuiwa kwa hila unapiga kelele. Nikauliza swali moja: nani kati yetu ana ujira wa mtu nyumbani kwake?

Kimya kikawa kirefu. Dada wa kazi wa nyumba tuliyokuwamo alikuwa anapitisha chai.

Mama mwenye nyumba aliangalia chini. Sijui hesabu zake na yule binti zikoje, wala si kazi yangu kujua. Lakini niliona wanaume wawili wakifuata trei ile kwa macho mpaka jikoni.

Aliyevunja kimya ni baba mdogo mmoja wa makamo. Alipinga. Alisema tukianza kurudisha hadharani tutafungua vidonda, ndoa zitavunjika, watu watashitakiana, na Shetani ndiye atakayefurahi. Akasema toba ni kati ya mtu na Mungu wake. Wengi waliitikia kwa vichwa, na hoja yake ina uzito. Katika wakati ule wa uamsho nako kulikuwa na watu waliotubu mbele ya umati mambo ambayo yaliwaumiza wengine wasio na hatia. Kurudisha si lazima kuwe hadharani. Jirani wa babu alikuja alfajiri, kwa mtu mmoja.

Mama mzee aliyekuwa karibu na mlango akamjibu kwa upole kwamba toba ni kweli kati ya mtu na Mungu, ila kuku ni kati ya mtu na mwenye kuku.

Ndipo baba mwingine, mtu wa maneno machache, akauliza kama vile anauliza kwa niaba ya mtu mwingine: ikiwa uliyemdhulumu amekufa, unamrudishia nani? Alikuwa na fundi aliyemjengea, hakummalizia malipo, wakagombana juu ya plasta iliyopasuka, kisha fundi akafa.

Tulifungua Hesabu 5. Imeandikwa pale kwamba mkosaji ataungama, atalipa kitu kamili na kuongeza sehemu ya tano, na kama aliyekosewa hana jamaa wa kupokea, malipo ni ya Bwana, kwa kuhani. Kwa hiyo mambo yanaanza kwa jamaa. Kuhani ni wa mwisho. Baba yule alisoma mistari ile mara mbili kwa sauti, taratibu. Akauliza tena kama sehemu ya tano inahesabiwa kwa fedha ya wakati ule au ya sasa. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Simenti ya wakati ule na simenti ya leo si bei moja, na mshahara wa fundi vivyo hivyo. Mwishoni mwalimu mmoja mstaafu akapendekeza ahesabu kwa siku za kazi: siku ngapi hazikulipwa, na fundi wa leo analipwa kiasi gani kwa siku. Tukakubaliana kwamba hiyo ni haki.

Ijumaa iliyofuata alituambia alikwenda. Mjane wa fundi anaishi bado, tena anasali usharika ule ule. Alizipokea zile fedha, akazihesabu mbele yake zote, noti moja moja, na hakumkaribisha kukaa. Kisha akamwuliza kwa nini miaka yote hiyo alikuwa anamsalimia "Bwana Yesu asifiwe" kila Jumapili mlangoni na hakulisema.

Baba yule alisema hakuwa na jibu, na hakutafuta la kumpa. Alituomba tumwombee mama huyo kwanza, kabla yake. Tulipomaliza kuomba, yule baba mdogo aliyepinga wiki ya nyuma akaomba nafasi ya kusema, na ibada ya jioni ile ilichelewa sana kwisha.